Karatasi Haisafishi Udongo



Kuna maneno matamu yanayosikika katika miji mingi yenye viwanda vya zamani. Kiwanda kimefungwa, mashine zimeuzwa kama chuma chakavu, wafanyakazi wametawanyika, na ufuo wa mto au wa bahari umebaki mtupu. Ndipo anapotokea mtu mwenye ramani nzuri za rangi: hapa nyumba, hapa maduka, hapa shule, hapa bustani ya watoto kando ya maji. Ukimwuliza habari ya sumu iliyobaki ardhini, anakuonyesha hati yenye mhuri: udongo umepimwa, ni safi. Hati ikishaonyeshwa, mazungumzo yanafungwa.

Mimi nasema kwamba hapo ndipo mazungumzo yanapopaswa kuanza. Sipingi kujenga. Mji unaoacha ardhi yake ikae ukiwa huku familia zikibanana katika chumba kimoja ni mji usio na akili. Ninachopinga ni nyumba kuutangulia ukweli. Ardhi iliyochafuliwa haifai kuwa makao ya watu mpaka mambo matatu yatimie. La kwanza, aliyeichafua awe ameisafisha kwa gharama yake. La pili, anayeipima asiwe anapata mkate wake kutoka kwa aliyeichafua wala kwa anayeiuza. La tatu, majirani waliovuta vumbi lake wawe wameviona vipimo na kuvielewa. Likikosekana moja, hati ile yenye mhuri ni karatasi tu, na karatasi haisafishi udongo.

Nitaonyesha jambo hili kwa mfano wa mji ulio mbali nasi, lakini usio mbali kama mnavyodhani.

Urani yetu, bandari yao

Hunters Point ni rasi iliyoko kusini-mashariki mwa mji wa San Francisco, nchini Marekani, kando ya ghuba. Jeshi la Wanamaji la Marekani liliendesha pale karakana kubwa ya meli tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili hadi mwaka 1974. Tarehe 16 Julai 1945, manowari iliyoitwa Indianapolis iliondoka pale ikiwa imebeba sehemu za bomu ambalo tarehe 6 Agosti liliangushwa juu ya Hiroshima. Sasa kumbukeni kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi ule wa mabomu ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, kwa jasho la wazee wetu waliofanya kazi chini ya Union Minière du Haut-Katanga. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba habari ya Hunters Point ni ya wengine. Ardhi yetu imo ndani ya habari hiyo tangu mwanzo.

Mwaka uliofuata, 1946, Marekani ililipua mabomu mawili ya atomiki huko Bikini, katika Bahari ya Pasifiki, ili kuona yangefanya nini juu ya meli. Baadhi ya meli zilizopata mionzi zililetwa Hunters Point, na watu wakazikwangua kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu ya hewa ili kutoa rangi yenye mionzi. Jeshi likaweka pale maabara ya kuchunguza mionzi, iliyodumu hadi mwaka 1969. Ongezeni juu ya hayo radiamu iliyopakwa kwenye vyombo vya meli ili ving'ae gizani, mafuta, risasi, na dampo lililoachwa kando ya maji. Mwaka 1989 serikali kuu ya Marekani iliiandika karakana hiyo katika orodha ya kitaifa ya maeneo yaliyochafuliwa vibaya kuliko mengine.

Na nani aliishi jirani? Wengi walikuwa Wamarekani weusi waliohama kutoka majimbo ya kusini wakati wa vita kutafuta kazi, na ambao ubaguzi uliwafungia milango ya mitaa mingine ya mji. Karakana ilipofungwa, kazi iliondoka na uchafu ukabaki. Mwezi wa Agosti 2000 moto uliwaka ndani ya dampo lile na kuendelea kufukuta chini ya ardhi kwa wiki kadhaa, na majirani walicheleweshewa taarifa. Miezi michache baadaye, Novemba 2000, wapiga kura wa San Francisco waliombwa kutoa maoni yao. Zaidi ya asilimia 80 walitaka Jeshi lisafishe mahali pale mpaka kiwango kinachomruhusu mtu kuishi bila kuwekewa masharti. Shikeni neno hilo, bila masharti. Watu hawakuomba bustani wala maduka. Waliomba udongo ambao mtoto anaweza kuucheza.

Ndoo ya udongo uliobadilishwa

Walichopewa ni ramani. Mpango uliokubaliwa na mji ulitaja nyumba zaidi ya 10,000, pale karakanani pamoja na eneo jirani la Candlestick Point, na ofisi, maduka na mbuga. Kipande cha kwanza, kilichoko juu ya kilima, kilikabidhiwa kwa mji mwaka 2004. Mashine zilipoanza kukata mwamba, vumbi lenye asbesto lilipanda, na mwaka 2008 mamlaka ya hewa ya eneo hilo ilimlipisha mjenzi faini ya zaidi ya dola 500,000. Hata hivyo nyumba zilijengwa, zikauzwa, na watu wakahamia.

Wakati huohuo, kwenye vipande vingine, kazi ya kupima na kuondoa udongo wenye mionzi ilikuwa mikononi mwa kampuni iitwayo Tetra Tech EC, iliyolipwa na Jeshi la Wanamaji. Sharti langu la kwanza, basi, lilionekana kutimia: mchafuzi alitoa fedha. Lakini tazameni lililotokea kwa sharti la pili. Mwaka 2018 wasimamizi wawili wa kampuni hiyo walihukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja, baada ya kukiri mahakamani kwamba walighushi kumbukumbu. Udongo uliopaswa kwenda maabara uliwekwa kando, na mahali pake ukatiwa udongo uliochukuliwa penye usafi. Maabara ilipima kwa uaminifu, namba zilikuwa za kweli, mhuri ulikuwa halali. Udongo tu ndio haukuwa wenyewe.

Kampuni imedai kwamba kosa lilikuwa la watu wachache. Wataalamu wa serikali waliopitia kumbukumbu hawakuridhika kwa urahisi hivyo. Jeshi la Wanamaji lilipendekeza kwamba katika kipande kimoja asilimia 15 ya maeneo yapimwe upya, na katika kingine asilimia 49. Shirika la serikali kuu la kulinda mazingira lilijibu kwamba yanayostahili kupimwa upya ni asilimia 90 katika cha kwanza na asilimia 97 katika cha pili. Yaani karibu yote. Na mwezi wa Septemba 2018, kwenye kile kipande cha kwanza ambako familia zilikuwa tayari zinaishi, kilipatikana ardhini kidude kidogo cha duara chenye radiamu, cha aina iliyotumika kuonyesha njia juu ya sitaha za meli usiku. Mahali hapo palikuwa pametangazwa kuwa salama miaka mingi kabla.

Mnaona jinsi uongo huu ulivyo tofauti na uongo wa kawaida? Mtu akikudanganya sokoni, unapoteza fedha leo na kesho unajihadhari. Aliyebadilisha ndoo ya udongo amemdanganya mtoto ambaye hajazaliwa, naye hatakuwa na njia ya kujihadhari. Sisi tuliofundishwa amri ya nane tumezoea kuifikiria kama jambo la ulimi. Hapa ushahidi wa uongo ulitolewa kwa koleo.

Haki inatudai tuseme pia kwamba uongo huo haukufichuliwa na wenye vyeo peke yao. Walikuwepo wafanyakazi waliokataa kunyamaza, na baadhi yao walieleza kwamba ukweli huo uliwagharimu kazi. Walikuwepo pia akina mama wa mtaa, kama marehemu Marie Harrison, aliyefariki mwaka 2019 kwa ugonjwa wa mapafu baada ya miaka mingi ya kudai hewa safi kwa majirani zake. Kabla ya hapo, juhudi za wakaaji kama hao zilikwisha kuchangia kufungwa kwa kituo cha zamani cha umeme cha Hunters Point, mwaka 2006. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na orodha ya watoto wenye pumu na ukaidi wa kuhudhuria kila mkutano.

Majibu kwa wanaopinga

Najua nitakavyojibiwa, maana majibu hayo ni yale yale kila mahali.

Wa kwanza husema: «Maskini wanahitaji nyumba leo, na wewe unawachelewesha kwa vipimo.» Huyu anawatumia maskini kama ngao. Mwaka 1970 karibu mtu mmoja kati ya wanane wa San Francisco alikuwa Mmarekani mweusi. Katika sensa ya 2020 alikuwa mmoja kati ya ishirini hivi. Wale waliokaa na uchafu kwa miaka hamsini ndio wanaosukumwa nje na kodi za nyumba wakati ufuo unapopambwa. Kama haja kweli ni nyumba za maskini, basi idadi yake na bei yake viandikwe kwanza, kabla ya jengo la kwanza. Anayekataa kuviandika hana haki ya kutaja jina la maskini. Tena, maskini hahitaji nyumba yoyote ile. Anahitaji nyumba ambayo haitamla mtoto wake.

Wa pili husema: «Si lazima kuondoa sumu yote. Tunaifunika kwa udongo safi, kwa lami au kwa saruji, nayo haitamgusa mtu.» Katika sehemu za Hunters Point hilo ndilo lililochaguliwa. Kitaalamu kufunika si upumbavu. Mara nyingine kuchimbua ni hatari kuliko kuacha. Lakini kifuniko ni ahadi isiyo na mwisho. Nani atakikagua baada ya miaka 60? Nani atamzuia mwenye nyumba asichimbe shimo la kupanda mti? Na pale ni ufuoni: bahari inapopanda, maji ya chini ya ardhi hupanda pia, yakitokea upande ambao kifuniko hakipo. Mwaka 2022 baraza la raia linalochunguza mambo ya mji lilitoa onyo juu ya jambo hilo hilo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayefunika na aseme wazi kwamba amefunika, amefunika nini, na fedha za kulinda kifuniko ziko wapi.

Wa tatu husema: «Usafishaji wa kweli hauwezekani, gharama ni kubwa mno.» Basi atazame Toronto, nchini Kanada. Mdomo wa mto Don ulikuwa umezungukwa na viwanja vya viwanda na ghala za mafuta, juu ya ardhi iliyojazwa na watu. Mwaka 2017 serikali tatu, ya nchi, ya jimbo na ya mji, ziliweka pamoja dola za Kanada bilioni 1.25. Kwa fedha hizo walichimba mkondo mpya wa mto, wakashughulikia udongo uliolowa uchafu, wakajenga kinga ya mafuriko, na mwaka 2024 mto ukaanza kupita katika njia yake mpya. Mtaa wenyewe wa nyumba unafuata nyuma. Sisemi Toronto ni paradiso. Swali la nani atamudu kuishi pale bado linaulizwa. Nasema tu kwamba utaratibu unawezekana: ardhi na maji kwanza, ukuta na paa baadaye. Na wakisema fedha hazipo, waulizwe fedha zilizotoka katika ardhi hiyo kwa miongo yote ya uzalishaji zilikwenda wapi.

Wa nne ndiye mwenye hatari zaidi, kwa sababu anaongea kwa upole: «Haya ni mambo ya wataalamu, ninyi vijana mtayaelewa nini?» Mimi ni mwalimu, nimetumia maisha yangu kufundisha wanaofundisha, nami nawaambia kwamba hakuna ukweli wa lazima kwa uhai wa watu usioweza kuelezwa kwa lugha yao. Ikiwa mtaalamu hawezi kumweleza mama mwenye bustani udongo ulichukuliwa wapi, kwa kina gani, na nani, siku gani, basi aidha hajui kazi yake au hataki ijulikane. Ndoo ya Hunters Point ilibadilishwa kwa sababu aliyeibeba alijua kwamba hakuna jirani aliyekuwa akitazama.

Na huku kwetu

Sasa inueni macho. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, kando ya mto uliotupa jina la mji. Bomba lake la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki vimekuwa alama ya mji wetu. Watu hupiga picha mbele yake. Kwa miongo mingi upepo ulipeleka moshi upande uleule, na wakaaji wa Penga Penga wanajua udongo wao ulivyokuwa. Mwaka 2009 profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viyeyusho vya Katanga. Kobalti iliyopatikana ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, na hali ya watoto ilitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine uliofanyika Lubumbashi ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro ilikuwa kubwa zaidi pale baba alipofanya kazi inayohusiana na madini.

Mji unakua. Ardhi iliyo karibu na maji na karibu na katikati ya mji haitaachwa ilale milele. Siku itafika, katika Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, ambapo ramani za rangi zitafunuliwa juu ya viwanja vya viwanda vya kale, na wengi wenu mtakuwa ndio wanunuzi, wajenzi, wahandisi, madiwani, na wazazi wa watoto watakaocheza pale. Je, mtakuwa mmejifunza kuuliza?

Sheria haikutuacha mikono mitupu. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Kifungu cha 54 kinasema kwamba uchafuzi unaotokana na shughuli za uchumi unadai fidia au marekebisho. Vifungu hivyo viwili vinaweza kusomwa kwa dakika tano katika mkutano wa kikundi. Ni aibu kwamba tunavijua kidogo kuliko matokeo ya mpira. Naongeza kwamba haki iliyoandikwa nayo ni karatasi, kama ile hati yenye mhuri. Uzito wake unatoka kwa watu wanaoisimamia.

Simwiti mtu kwenye fujo. Nawaita kwenye kazi ya kuchosha: kujua historia ya kila kiwanja cha kiwanda katika eneo lenu kabla wazee walioijua hawajafa, kuandika kwenye daftari kiwanda kilitengeneza nini, maji yake machafu yalimwagwa wapi, wanyama walikufa wapi, kuwaendea watafiti wa chuo kikuu na kuwaomba wawaeleze matokeo yao kwa Kiswahili, kuomba, kwa barua yenye adabu na yenye tarehe, vipimo vyovyote vilivyofanywa, na jina la aliyevilipia. Barua isipojibiwa, kuandika nyingine. Anayejenga kwa haki hataogopa barua zenu. Atazishukuru, kwa maana zitamlinda dhidi ya wadanganyifu walio katika nyumba yake mwenyewe.

Watu wa Hunters Point walipewa mhuri kabla ya ukweli, na mpaka leo udongo wao unapimwa upya. Sisi ambao urani yetu ilipita katika bandari ile tusingoje kupewa mhuri wa namna hiyo.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mtaa wetu au jirani yake, ni kiwanja gani kilichokuwa cha kiwanda, ghala la mafuta au dampo? Nani kati ya wazee anaijua historia yake, na nani kati yetu atamwendea wiki hii?

2. Tukionyeshwa hati inayosema udongo ni safi, ni maswali gani manne tungemwuliza aliyeileta?

3. Wafanyakazi waliosema ukweli waliweza kupoteza kazi. Kikundi chetu kingemsaidiaje ndugu wa hapa anayekabiliwa na uchaguzi kama huo?

4. Nyumba zikijengwa kando ya mto wetu, tungetaka nini kiandikwe juu ya bei, ili walioishi na vumbi wasifukuzwe siku vumbi litakapokwisha?